Sumaku inayorusha kidole kutoka kichwani: Inapima nini kwenye njia ya ubongo na misuli?

Koili yenye umbo la namba 8 inawekwa juu ya kichwa, upande wa kushoto. Unasikika mlio mmoja mkavu, 'ta!', na papo hapo kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinaruka. Mwenye kidole hakukusudia, na hakuna aliyemgusa mkono.

Kipimo hiki kinajulikana kwa kifupi kama TMS, yaani kuusisimua ubongo kwa sumaku bila kufungua fuvu. Kimekuwepo tangu mwaka 1985.

Anayekiona kwa mara ya kwanza hushangazwa na kidole kuruka. Kwa daktari, huo ni mwanzo tu. Anachotaka kujua ni jinsi njia ya kutoka ubongoni hadi kwenye msuli inavyoitika. Je, imeitika kwa nguvu kiasi gani? Imechukua muda gani? Au imenyamaza kabisa?

Kwa mtu aliyepata kiharusi wiki hii na mkono umelegea, majibu hayo si mambo ya maabara tu. Yanaweza kueleza kama mkono huo una nafasi ya kurudi.

Lakini sumaku hiyohiyo siku hizi inatangazwa pia kama tiba. Hapo ndipo panahitaji umakini, kwa sababu kupima njia na kuitengeneza ni kazi mbili tofauti.

Njia yenyewe ikoje?

Mtu anapotaka kushika kikombe, amri huanzia kwenye gamba la ubongo, katika ukanda mwembamba unaopita juu ya kichwa kama uzi uliotoka sikio moja hadi jingine. Huo ndio ukanda wa mwendo.

Kila sehemu ya mwili ina eneo lake pale. Mkono na uso vimepewa nafasi kubwa kuliko kiwiliwili chote, maana kazi zake zinahitaji ustadi zaidi.

Kutoka hapo, seli za kwanza za neva hushusha nyuzi zake ndefu kupitia katikati ya ubongo. Zikifika chini, karibu na shingo, nyuzi nyingi huvuka kwenda upande wa pili. Ndiyo maana kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo hudhoofisha mkono na mguu wa kulia.

Kisha nyuzi huteremka ndani ya uti wa mgongo. Huko zinakabidhi ujumbe kwa seli za pili, ambazo nyuzi zake hutoka nje ya uti hadi kwenye msuli.

Ni kama mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji mmoja akianguka, kijiti hakifiki, hata kama mwenzake yuko imara. Msuli unaweza kuwa mzima kabisa na bado mkono usinyanyuke.

Sumaku inaingiaje kichwani?

Kanuni yake ni ya zamani. Mwaka 1831, Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inayobadilika huzalisha umeme kwenye waya ulio karibu. Jenereta na transfoma za kwenye nguzo za umeme zinafanya kazi hivyo mpaka leo.

Kwenye TMS, ubongo ndio unaochukua nafasi ya ule waya.

Mashine hulimbikiza umeme, kisha huuachia kwa mkupuo mmoja kupitia koili. Ni maelfu ya ampea, lakini kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu ya sumaku inayotokea hufikia tesla 1.5 hadi 2 hivi, kiwango kinachokaribiana na cha mashine nyingi za MRI.

Sumaku hupita kwenye ngozi na mfupa bila kizuizi. Ikifika ndani, inazaa umeme mdogo kwenye ubongo, na umeme huo ndio unaozishtua seli. Haiendi mbali, kwani nguvu hupungua haraka na koili ya kawaida hufikia sentimita 2 hadi 3 tu chini ya ngozi ya kichwa.

Eneo la mkono liko juujuu, kwa hiyo ni rahisi kulifikia. Eneo la mguu limejificha kwenye mfereji wa katikati ya pande mbili za ubongo, na linahitaji nguvu zaidi.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Kinachozalisha umeme ni sumaku *inayobadilika* ghafla. Bangili au mkanda wenye sumaku iliyotulia hauzalishi umeme wa namna hii mwilini, hata ukivaliwa mwaka mzima. Anayeuza bangili kwa kusema "ni teknolojia ileile ya hospitali" anachanganya vitu viwili tofauti.

Kwa nini si umeme wa moja kwa moja?

Ulijaribiwa. Mwaka 1980, Patrick Merton na Bert Morton waliripoti kutoka Uingereza kwamba wameweza kuchezesha misuli ya mtu kwa kupitisha umeme kwenye ngozi ya kichwa. Ilifanya kazi, lakini iliuma. Mfupa wa fuvu huzuia umeme, hivyo inabidi upigwe mkali, na ngozi na misuli ya kichwa ndivyo vinavyopata shida kwanza.

Miaka mitano baadaye, Anthony Barker na wenzake wa mji wa Sheffield walipata matokeo yaleyale kwa sumaku, karibu bila maumivu. Taarifa yao fupi ilitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 1985, na tangu hapo kipimo kikasambaa.

'Wepesi wa kuitika' unapimwaje?

Vibandiko vidogo vya kunasa umeme wa msuli hubandikwa juu ya msuli wa mkono. Koili hupiga pigo moja kichwani. Sekunde hata haijaisha, wimbi dogo linachoreka kwenye skrini.

Wimbi hilo hutazamwa kwa njia tatu.

Muda. Kwa mtu mzima mwenye afya, ujumbe hutoka kichwani na kufika kwenye misuli midogo ya mkono kwa milisekunde 20 hivi. Mguuni ni 30 hivi, kwa sababu njia ni ndefu. Ukichelewa sana, huenda ala inayozifunika nyuzi imechubuka, kama inavyotokea kwenye baadhi ya magonjwa ya mfumo wa neva.

Kizingiti. Hii ni nguvu ndogo kabisa ya sumaku inayoweza kuuamsha msuli uliopumzika. Utaratibu uliozoeleka ni kutafuta kiwango kinachotoa wimbi la angalau mikrovolti 50 katika mapigo 5 kati ya 10. Kizingiti kikiwa chini, njia inaitika kwa urahisi. Kikiwa juu, inahitaji kusukumwa.

Ukubwa wa wimbi. Kwa nguvu ileile ya sumaku, wimbi kubwa lina maana kwamba seli nyingi zimeitika kwa pamoja. Dogo lina maana kwamba ni chache, au zimeitika bila mpangilio.

Lakini wepesi huu sio namba ya kudumu kama urefu wa mtu. Unapanda na kushuka dakika hadi dakika.

Ukikaza msuli kidogo tu, wimbi linakuwa kubwa. Hata kuwaza kwamba unasogeza kidole, bila kukisogeza, kunaliongeza. Dawa nazo zinaingia: baadhi ya dawa za kifafa, kama carbamazepine na phenytoin, hupandisha kizingiti.

Na hata bila hayo yote, mtu yuleyule akipigwa pigo la nguvu ileile mara mbili, mawimbi hayafanani. Ndiyo maana wapimaji hawaamini pigo moja. Hupiga mara nyingi, kisha huchukua wastani.

Ubongo una breki pia

Mtu anaweza kudhani ubongo wenye afya ni ule unaoitika haraka kwa kila kitu. Sivyo. Bila breki, kusogeza kidole kimoja kungesogeza mkono mzima.

Breki hizo zinaweza kupimwa. Mwaka 1993, watafiti walieleza mbinu ya mapigo mawili: la kwanza dogo, lisiloweza kuamsha msuli peke yake, na la pili kubwa. Yakifuatana kwa milisekunde 1 hadi 5, wimbi la pili linakuwa dogo kuliko kawaida. Pigo la kwanza limekanyaga breki. Yakiachana kwa milisekunde 10 hadi 15, wimbi linakuwa kubwa kuliko kawaida. Sasa limekanyaga mafuta.

Kuna kipimo kingine kilicho rahisi zaidi. Mtu akaze msuli, kisha apigwe pigo moja. Baada ya kuruka, msuli unanyamaza kwa muda, mara nyingi milisekunde 100 hadi 300, ingawa mwenyewe anaendelea kuukaza. Ukimya huo ni kazi ya breki za ubongo, na urefu wake hupimwa.

MRI inasema sawa, njia inasema hapana

Faida ya kipimo hiki inaonekana vizuri kwenye ugonjwa unaojulikana Afrika Mashariki na Kati: konzo.

Konzo hukakamaza miguu ghafla, na mara nyingine mikono, kisha hubaki hivyo maisha yote. Unahusishwa na kula kwa muda mrefu mihogo michungu ambayo haikutolewa sumu ya sayanaidi vizuri, huku mlo ukiwa na protini kidogo. Jina limetoka lugha ya Kiyaka ya Congo, likiwa na maana ya miguu iliyofungwa. Nchini Tanzania, mlipuko wake ulitokea Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985, wakati wa ukame.

Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Madaktari walibaki na swali: tatizo liko wapi hasa? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, picha za MRI za ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa waliochunguzwa hazikuonyesha kasoro. Kwa macho ya MRI, kila kitu kilikuwa sawa. Lakini sumaku ilipopigwa kichwani, misuli haikuitika.

Hiyo ilikuwa ishara nzito kwamba aliyeanguka ni mkimbiaji wa kwanza, yaani zile seli zinazoshuka kutoka ubongoni, na sio msuli wala neva za mguuni. Daktari kutoka Congo, Désiré Tshala-Katumbay, na wenzake waliendeleza vipimo vya aina hii kwa wagonjwa wa konzo, na mwaka 2002 wakachapisha uchambuzi wa njia zao za mwendo.

Sumaku haikumponya mgonjwa wa konzo. Kinga yake bado ni kuiandaa mihogo michungu ipasavyo, ikiwemo kuiloweka siku kadhaa na kuikausha, pamoja na mlo wenye protini. Kilichopatikana ni kujua sumu inapiga wapi.

Baada ya kiharusi: mkono utarudi?

Hili ndilo swali ambalo kila familia huuliza kitandani, na mara nyingi jibu huwa "tusubiri tuone".

Nchini New Zealand, kundi la watafiti likiongozwa na Cathy Stinear wa Chuo Kikuu cha Auckland limetengeneza utaratibu wa hatua kwa hatua wa kulijibu. Unaanza bila mashine yoyote.

Ndani ya siku 3 baada ya kiharusi, mtaalamu anapima vitu viwili: mgonjwa anaweza kuuinua mkono pembeni kutoka begani? Anaweza kunyoosha vidole? Kila kimoja kinapewa alama 0 hadi 5. Jumla ikifika 5 au zaidi, matarajio ni mazuri na sumaku haihitajiki.

Jumla ikiwa chini ya 5, hapo sasa ndipo TMS inaingia, kati ya siku ya 3 na ya 7.

Msuli ukitoa wimbi, hata dogo, njia bado iko wazi. Mgonjwa huyo leo anaweza kuwa hasogezi hata kidole, lakini kuna matarajio ya mkono kurudi kwa kiwango kizuri ndani ya miezi 3. Msuli usipotoa wimbi, matarajio ni madogo zaidi, na mazoezi hupangwa kwa kuzingatia hilo, ikiwemo kuufundisha mkono mzima kufanya kazi za kila siku.

Utaratibu huu hupatia kwa wagonjwa 3 hivi kati ya 4. Sio ramli, lakini pia sio uhakika kamili. Wapo wanaokwenda tofauti na utabiri.

Je, sumaku inaweza kuibadilisha njia?

Mpaka hapa sumaku imekuwa ikiuliza tu. Lakini ikipigwa mfululizo, inaweza pia kubadilisha wepesi wa njia, kwa muda.

Mwendo wa mapigo ndio unaoamua. Mapigo ya polepole, karibu mara 1 kwa sekunde, huelekea kuituliza njia. Ya haraka, mara 5 kwa sekunde au zaidi, huelekea kuichangamsha.

Mwaka 1997, watafiti nchini Marekani walipiga mapigo ya polepole kwa dakika 15. Mawimbi ya msuli yalipungua kwa asilimia 20 hivi, na upungufu huo ukaendelea kwa angalau dakika 15 baada ya mashine kuzimwa.

Mwaka 2005, kundi la London likaja na mtindo wa haraka zaidi: mapigo 3 yanayofuatana kwa kasi, yakirudiwa mara 5 kila sekunde. Yakipigwa bila kupumzika kwa sekunde 40, njia ilitulia kwa muda wa hadi saa 1 hivi. Yakipigwa kwa sekunde 2 na kupumzika sekunde 8, kwa dakika 3 na kidogo, njia ilichangamka.

Mapigo ni yaleyale 600. Kilichobadilika ni mapumziko tu, na matokeo yakageuka.

Inadhaniwa kwamba mapigo hayo hubadilisha uimara wa miunganiko kati ya seli, kwa namna inayofanana na ubongo unavyojifunza jambo jipya.

Habari hizo ziliwapa wengi matumaini. Kisha mwaka 2013 utafiti mwingine wa London ukarudia mtindo huo kwa watu zaidi ya 50 wenye afya. Kwa wastani, hakukuwa na badiliko. Wengine njia zao zilifuata maelekezo, wengine zikaenda kinyume, wengine hazikubadilika. Ubongo wa kila mtu una tabia yake.

Kwa hiyo ni tiba au sio tiba?

Inategemea ni tiba ya nini.

Kwa sonona ambayo haikusikia dawa, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha mashine ya TMS mwaka 2008. Hapo koili huelekezwa sehemu nyingine ya ubongo, sio kwenye ukanda wa mwendo.

Kwa mkono uliodhoofishwa na kiharusi, wazo ni hili: pande mbili za ubongo huzuiana. Upande mmoja ukiumia, mzima unaweza kuukandamiza mgonjwa kupita kiasi. Basi tuliza mzima kwa mapigo ya polepole, ili mgonjwa apate nafasi.

Wazo linavutia. Lilipojaribiwa Marekani kwa watu 199 waliokuwa na miezi 3 hadi 12 tangu wapate kiharusi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuwa haya: kati ya waliopata sumaku ya kweli, asilimia 67 walipata nafuu ya maana. Kati ya waliopata sumaku ya kuigiza, ni asilimia 65.

Tofauti hiyo ni ndogo mno. Lakini angalia upande wa pili: makundi yote mawili yalikuwa yakifanya mazoezi ya mkono kwa mpangilio, na karibu theluthi mbili ya watu walipata nafuu.

Hadithi haijaisha. Mwaka 2020, wataalamu wa Ulaya waliopitia tafiti nyingi waliupa mtindo huohuo wa polepole daraja la juu la ushahidi, ila kwa wagonjwa walio katika kipindi cha mapema zaidi baada ya kiharusi. Huenda wakati wa kuanza ni muhimu kuliko mashine yenyewe.

Ina hatari gani?

Kwa wengi, ni kelele ya koili na maumivu madogo ya kichwa yanayoisha. Masikio huzibwa kwa vizibo. Hatari kubwa ni kuzua degedege. Hutokea mara chache sana, na uwezekano huongezeka kwa mwenye kifafa au anayetumia dawa zinazoshusha kizingiti.

Mwenye chuma ndani ya kichwa au kifaa cha kusaidia kusikia kilichopandikizwa hatakiwi kuwekewa koili bila daktari kujiridhisha kwanza. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo naye lazima aseme mapema.

Ukiambiwa mgonjwa wako apigwe sumaku, uliza haya

- Ni ya kupima au ya kutibu? Gharama na matarajio havifanani.
- Ikiwa ni kupima, jibu litabadilisha nini kwenye mpango wa mazoezi?
- Ikiwa ni kutibu, amepita muda gani tangu kiharusi, na kuna ushahidi gani kwa wagonjwa wa hali hiyo?
- Mazoezi yataendelea sambamba? Kama jibu ni "hayahitajiki tena", hilo ni la kutilia shaka.
- Wameuliza kuhusu kifafa, vyuma mwilini na dawa anazotumia?

Na kama hospitali ya karibu haina mashine hiyo, bado kuna la kufanya mapema: kumwomba mtaalamu apime bega na vidole ndani ya zile siku 3 za mwanzo, na mazoezi yaanze mara tu daktari atakaporuhusu.